Nikifuata Nyayo za Balozi Kollontai, Oslo hadi Stockholm

Kila ninapofundisha Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, shuleni kwetu Morogoro, hakosekani msichana wa kuuliza: "Mwalimu, na wanawake walikuwa wapi?" Jibu langu huanzia kwa Alexandra Kollontai. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1872, binti wa jenerali wa jeshi la mfalme. Aliolewa mwaka 1893, akapata mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1896 alitembelea kiwanda kikubwa cha nguo cha Kreenholm, mjini Narva, akaona jinsi wafanyakazi walivyorundikana mabwenini na watoto wao. Tangu siku hiyo maisha ya starehe hayakumkalia tena. Miaka miwili baadaye alimwacha mume, mtoto akamwacha kwa wazazi wake, akaenda Zurich kusoma uchumi. Akaandika vitabu, akahutubia mikutano, akaishi uhamishoni. Lenin alipounda serikali mwaka 1917, Kollontai ndiye mwanamke pekee aliyepewa kiti: Kamishna wa Ustawi wa Jamii.

Swali la pili la wanafunzi ndilo lililonisafirisha. "Halafu aliishia wapi?" Nilizoea kujibu kwa neno moja: ubalozini. Jibu ni sahihi, lakini halinishibishi. Mwanamke aliyetaka wafalme wote waondoke alifanyaje kazi miaka zaidi ya 20 akipeleka hati za utambulisho kwa wafalme? Huku kwetu habari ya mwanamapinduzi kugeuka balozi si ngeni. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, Salim Ahmed Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22. Lakini Salim alikuwa kijana anayeanza. Kollontai alipopelekwa Norwe alikuwa na miaka 50, jina lake likijulikana Ulaya nzima, na ugomvi wake na wakubwa wa chama ukijulikana vilevile.

Shangazi yangu ni muuguzi Oslo, na kwa muda mrefu alikuwa akiniambia nimtembelee. Mimi sikuwa nimewahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Alipotuma barua ya mwaliko na viza ikatoka, nikajua nitakwenda kumwona shangazi, na nitakwenda pia kutazama mahali alipoishi yule mama ninayemfundisha darasani.

Ndege ilinitoa Dar es Salaam usiku, ikanipitisha Istanbul, ikanishusha Oslo katikati ya Januari. Shangazi alikuwa ananingoja nje ya mlango wa forodha, mkononi ameshika koti zito.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo ulilovaa ni koti la Lushoto. Vaa hili."

Nilivaa juu ya lile la Lushoto. Milango ya kioo ilipofunguka, baridi iliniingia puani kwanza, hata nikahisi vinyweleo vya ndani vikikakamaa. Kisha nikaikanyaga theluji. Nilidhani ingekuwa laini na kimya, kumbe inalia: kila hatua inatoa mlio mkavu, kama unga wa muhogo unaposhindiliwa ndani ya gunia. Nilisimama, nikarudia hatua zilezile nisikie tena. Shangazi alinisubiri bila kuniharakisha. Alisema na yeye siku yake ya kwanza alifanya hivyohivyo.

Jambo lililonitatiza zaidi ni jua. Linachomoza saa tatu asubuhi imepita, linapita chini chini juu ya paa za nyumba, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha zama. Sala za adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kwa karibu, kiasi kwamba ukichelewa kidogo mezani moja imekupita. Na watu hawasalimiani njiani. Ndani ya treni ya kutoka uwanja wa ndege kila mtu alikaa na simu yake au dirisha lake. Kwetu ukikaa bega kwa bega na mtu safari nzima bila hata "habari za safari", utadhaniwa una jambo moyoni. Shangazi alinieleza kwamba huku kumwacha mtu na utulivu wake ndiyo heshima. Niliipokea, ingawa kichwa kilichelewa kuizoea. Lakini tulipofika nyumbani kwake, nikaona mlangoni viatu vya watu wa ghorofa nzima vimepangwa, kila mmoja amevua kabla ya kuingia ndani, nikafurahi kupita kiasi. Hapo nilijiona niko Tanga.

Kollontai alifika nchi hii Oktoba 1922, mji ukiitwa bado Kristiania; jina la Oslo lilirudishwa mwaka 1925. Hakuja kwa furaha. Mwaka 1921 alikuwa mmoja wa viongozi wa kundi lililoitwa Upinzani wa Wafanyakazi. Aliandika kijitabu akisema chama kilichopindua nchi kwa jina la wafanyakazi kinawanyang'anya wafanyakazi hao sauti na kuikabidhi kwa makarani. Mkutano mkuu wa mwaka huo ulipiga marufuku makundi ndani ya chama. Mwaka uliofuata aliondolewa kwenye uongozi wa idara ya wanawake aliyosaidia kuijenga, na tume ya chama, iliyokuwa na Stalin ndani yake, ikapendekeza afukuzwe uanachama. Mkutano haukufika huko. Yeye mwenyewe akaomba kazi nyingine yoyote ya kufanya, akapangiwa ujumbe wa biashara wa Kisovieti nchini Norwe.

Nilimsimulia shangazi hayo tukiwa jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Akufukuzaye hakwambii toka." Sikuwa na la kuongeza.

Asubuhi iliyofuata tulipanda treni ya mjini, laini namba 1, kwenda Holmenkollen. Inaanzia chini ya ardhi katikati ya mji, inatoka kwenye mwanga, kisha inakwea mlima ikijipindapinda baina ya nyumba za mbao na misonobari iliyoelemewa na theluji. Ndani ya behewa kulikuwa na wazee waliobeba mbao za kutelezea thelujini, na watoto wenye vigari vya kutelezea walivyoviweka magotini. Hakuna aliyetoka kazini wala kwenda kazini. Watu wanapanda mlimani kucheza na baridi. Kwetu baridi ikishuka Lushoto au Makete, watu husogelea moto. Hawa wanaifuata huko juu iliko kali zaidi, na wazee wao wa miaka 70 wako mbele.

Tulishuka karibu na mnara wa kurukia wa Holmenkollen, chuma kikubwa kilichopinda angani, mchezaji anaporomoka kutoka juu kisha anaruka hewani na mbao zake miguuni. Kutoka hapo mji wote uko chini yako, na mbele yake mkono wa bahari unaoingia bara, maji meusi yaliyozungukwa na weupe. Huku Holmenkollen ndiko Kollontai alikopanga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla hata ya kuota ubalozi. Alikuwa mkimbizi wa siasa, anaandika makala dhidi ya vita, na barua za Lenin aliyekuwa Uswisi zilipitia kwake kwenda Urusi. Habari za kuanguka kwa mfalme wa Urusi zilimkuta akiwa Norwe. Aliporudi Petrograd, yaani St. Petersburg kwa jina la wakati huo, mwaka 1917 alibeba barua mbili za kwanza za Lenin kwa gazeti la Pravda.

Kwa hiyo alipotumwa Norwe mwaka 1922, wakubwa wake walidhani wanamweka pembeni, na kumbe wamemrudisha mahali anapojua njia, lugha na watu. Nilipokuwa nimesimama pale juu niliona jambo ambalo vitabu havikunionyesha: pembeni pake palikuwa na marafiki. Alikuwa na wenyeji wa kumpokea, waandishi na watu wa vyama vya wafanyakazi waliomjua tangu siku za uhamisho. Balozi asiye na rafiki nchini alikotumwa ana ofisi tu. Kollontai alianza kazi akiwa na mtaji huo.

Wakati wa mchana tulirudi mjini tukatembea. Hapo nikakutana na jambo lililonishangaza kuliko theluji. Wanaume. Wanaume wanasukuma vigari vya watoto wachanga, mmoja, wawili, watatu, saa za kazi, siku ya kazi. Nje ya mgahawa mmoja vigari vitatu vilipangwa kwenye baridi, na ndani yake watoto wamelala fofofo, mashavu mekundu, wamefunikwa sufu mpaka kidevuni. Nilimshika shangazi mkono.

"Shangazi, mama zao wako wapi? Hawa si wataumwa?"

"Watoto wa huku hulazwa nje tangu wadogo, mwanangu. Na anayewalea leo si mama. Yule pale dirishani ndiye baba, yuko kwenye likizo ya uzazi."

Nilimtazama yule baba anayekunywa kahawa jicho likiwa kwenye kigari. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza kuwapa wazazi wote wawili likizo ya malezi, mwaka 1974. Norwe ilitenga wiki za baba peke yake mwaka 1993. Baba asipozichukua zinapotea. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku tatu. Katika siku tatu baba wa kwetu anawahi kununua khanga, kupeleka habari kwa wazee na kurudi kazini.

Uhusiano wa mambo haya na Kollontai ni wa moja kwa moja. Mwaka 1916 alichapisha kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kuhusu jamii na uzazi, akilinganisha sheria za nchi nyingi za Ulaya zinazomhusu mama mfanyakazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema na ngumu kuitekeleza: kuzaa na kulea ni kazi inayofaidisha jamii nzima, basi jamii nzima ibebe gharama yake. Alipokuwa kamishna alianza mara moja. Sheria za mwanzo za Kisovieti zilimpa mama mfanyakazi likizo yenye malipo ya wiki nane kabla ya kujifungua na wiki nane baada yake. Alifungua pia jumba la kuhudumia mama na mtoto, likaungua Januari 1918 kabla halijaanza kazi. Alijiuzulu mwaka huohuo kwa kupinga mkataba wa amani na Ujerumani. Haki alizozipigania zilikuja kukua katika nchi ambazo hazikuwahi kupinduliwa. Nikiwa mwalimu wa historia, hilo nitalifikiria kwa muda mrefu.

Jioni shangazi aliniwekea mezani samaki aliyenitia mashaka. Ni heringi, ukoo mmoja na saradini, amekatwa vipande bila kupikwa, amelazwa ndani ya siki na sukari pamoja na vitunguu na pilipili manga nzima. Samaki mtamu! Ulimi wangu wa pwani ulikataa kipande cha kwanza, ukajadiliana na cha pili, ukaomba cha tatu juu ya mkate mweusi. Nilimwomba shangazi anisimulie samaki huyo anavyopatikana, naye akanieleza habari za meli za pwani ya magharibi na mapipa ya chumvi. Nikamwambia basi mapipa hayo ndiyo yaliyomfanya Kollontai kuwa mwanadiplomasia.

Miaka ya mwanzo ya 1920 wavuvi wa Norwe walikuwa na heringi nyingi na wanunuzi wachache. Urusi ilikuwa imetoka kwenye njaa kubwa ya 1921 na 1922. Serikali ya Norwe ilikuwa haijaitambua rasmi serikali ya Kisovieti, na wenye mali hawakutaka kusikia jina la Wabolshevik, chama cha Lenin. Kollontai aliketi na wafanyabiashara wa samaki, akajifunza bei, mikopo, bima na usafirishaji, akanunua heringi. Biashara ilipotembea, siasa ikafuata nyuma yake. Tarehe 15 Februari 1924 Norwe iliitambua serikali ya Kisovieti, nayo ikatambua mamlaka ya Norwe juu ya visiwa vya Svalbard kaskazini ya mbali. Mkuu wa ujumbe wa biashara akawa mwakilishi kamili wa nchi yake, mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kushika kazi hiyo. Rosika Schwimmer wa Hungaria alimtangulia kutumwa Uswisi mwaka 1918, lakini kwa muda mfupi tu.

Usiku, kazi za ofisi zikiisha, Kollontai aliandika hadithi. Mkusanyo wake kuhusu mapenzi na maisha ya wanawake wafanyakazi ulitoka mwaka 1923, na makala zake za wakati huo zikamletea mashambulizi makali kutoka magazeti ya nyumbani. Walimwita mpotoshaji wa vijana. Polepole aliacha kuandika mambo hayo. Mwaka 1926 alihamishiwa Meksiko, hewa ya nyanda za juu ikamwelemea moyo, akarudishwa Norwe mwaka uliofuata. Mwaka 1930 akapelekwa Uswidi, akakaa huko mpaka 1945.

Nami nikamfuata kwa treni.

Shangazi alinifungia mikate na chai ya tangawizi ndani ya chupa, akanisindikiza stesheni. Reli inakwenda mashariki kupitia misitu isiyokwisha. Mpakani, Charlottenberg, nilitoa pasipoti na kadi ya homa ya manjano, nikaviweka magotini tayari. Treni ilisimama kidogo, watu wakashuka, wakapanda, ikaondoka. Hakuna aliyetusimamisha. Mtu aliyezoea Namanga au Tunduma, na foleni za malori, na dirisha moja la kutokea na jingine la kuingilia, hawezi kuamini kwamba amekwisha kuvuka nchi. Abiria mwenzangu, mama wa makamo wa Kiswidi, aliiona ile kadi, akaniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nilipotaja Tanzania uso wake ukafunguka. Alisema shuleni kwao walichangisha fedha kwa ajili ya Afrika, na jina la Nyerere analijua tangu utotoni. Nikamweleza kuhusu Kibaha, kituo cha elimu kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki miaka ya 1960, ambacho mpaka leo kinatoa wanafunzi. Tulizungumza mpaka Karlstad. Ukimya wa treni za huku una mlango, na mgeni akiulizwa, mlango huo hufunguka.

Stockholm ni mji uliojengwa juu ya visiwa. Ukivuka daraja unaona maji, ukipinda kona unaona maji, na mwezi huo mengine yameganda mpaka bata wamesimama juu yake. Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda Villagatan, mtaa mfupi wa majumba ya kale ya matajiri karibu na bustani ya Humlegården. Namba 17 ndipo ulipokuwa ubalozi wa Kisovieti zama za Kollontai. Siku hizi ubalozi wa Urusi uko kisiwa cha Kungsholmen. Nilitembea mtaa mzima mara mbili, mikono mifukoni. Mtaa wa namna hii huko Petrograd ndio waliouchukua wanamapinduzi kwa nguvu mwaka 1917. Hapa balozi wao aliishi kwa utaratibu, anaalika wageni, anazungumza lugha zao, na miaka ilipopita akawa ndiye mkuu wa mabalozi wote mjini kwa kukaa muda mrefu kuliko wenzake.

Kisha nikashuka mpaka ukingoni mwa maji, mbele ya Grand Hôtel. Nawaomba wasomaji wasimame nami hapa, kwani hapa ndipo nilipopata nusu ya jibu la wanafunzi wangu. Nyuma yako ni hoteli kubwa, bendera zimepangwa juu ya paa. Mbele yako, ng'ambo ya maji ambayo unaweza kuyavuka kwa mashua katika dakika chache, ni kasri la mfalme, jengo zito la rangi ya udongo.

Mwaka 1914 Kollontai alikamatwa Uswidi kwa kuhubiri dhidi ya vita, akafungwa, kisha akafukuzwa nchini na kuamriwa asirudi tena. Mfalme alikuwa Gustaf V. Mwaka 1930 amri ile ilibidi ifutwe, kwa sababu mwanamke yuleyule alikuwa anakuja na hati za utambulisho, na aliyezipokea ni mfalme yuleyule, Gustaf V. Hiyo ni ng'ambo ya maji.

Upande huu, hotelini, ni habari ya 1940. Tarehe 30 Novemba 1939 jeshi la Kisovieti liliivamia Ufini. Moscow iliunda serikali yake ya kibaraka ya Kifini, ikakataa kuzungumza na serikali ya Helsinki. Kollontai alikuwa na damu ya pande zote mbili: mama yake alikuwa na asili ya Kifini, na likizo za utotoni alizipitisha Kuusa, shamba la babu yake mzaa mama. Kitabu chake cha mwanzo, cha mwaka 1903, kilihusu maisha ya wafanyakazi wa Ufini. Januari 1940 mwandishi wa tamthilia wa Kifini, Hella Wuolijoki, alikuja Stockholm kwa idhini ya waziri wa mambo ya nje wa nchi yake, Väinö Tanner, kwa sababu alifahamiana na Kollontai. Wanawake wawili wakazungumza. Mwisho wa mwezi Moscow ikakubali kuongea na serikali halali ya Ufini, ile ambayo Moscow yenyewe ilikuwa ikisema haipo. Februari Tanner mwenyewe akaja hapa kukutana na Kollontai kwa siri. Mkataba ulitiwa saini Moscow tarehe 12 Machi 1940.

Haukuwa mkataba wa haki. Ufini ilipoteza takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, na watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao. Wafini wapatao 25,000 walikuwa wamekufa, na wa upande wa pili walikuwa wengi kuliko hao mara nyingi. Lakini vita vilisimama, na Ufini ikabaki nchi yenye serikali yake. Mwaka 1942 Kollontai alipooza upande mmoja wa mwili, akaendelea na kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ufini ilipotafuta tena njia ya kutoka vitani mwaka 1944, mawasiliano yalipitia tena kwake. Baada ya vita jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Nusu ya pili ya jibu niliipata ndani, kwenye joto. Maktaba ya taifa ya Uswidi iko katikati ya bustani ileile ya Humlegården, hatua chache kutoka Villagatan. Nilikuwa nimebeba kutoka nyumbani tafsiri ya Kiingereza ya wasifu wake aliouandika mwenyewe mwaka 1926 kwa ajili ya mchapishaji wa Ujerumani. Nilikaa nao mezani, chini ya taa, theluji ikianguka nje ya dirisha. Kitabu hiki kina jambo la pekee. Kabla hakijachapwa, Kollontai alipitia karatasi za majaribio akafuta mistari mingi, na miaka mingi baadaye wachapishaji walirudisha mistari ile iliyofutwa kwa herufi za mlalo, ili msomaji aone kilichokatwa na kilichobaki. Nilifuata kwa kidole. Anakata anapojisifu. Anakata anapotaja mchango wake mwenyewe. Anakata anapogusa tofauti zake na chama. Mwanamke aliyeandika waziwazi kuliko wote anapita juu ya maisha yake mwenyewe na kalamu, anajipunguza mstari kwa mstari, na huo ulikuwa mwaka 1926, kabla ya mabaya zaidi.

Mabaya yalikuja. Alexander Shliapnikov, mwenzake wa Upinzani wa Wafanyakazi na mtu aliyempenda siku za uhamishoni, alipigwa risasi mwaka 1937. Pavel Dybenko, aliyekuwa mume wake wa pili, alipigwa risasi mwaka 1938. Idara ya wanawake ilikwisha fungwa mwaka 1930, na haki ya kutoa mimba, iliyoruhusiwa kisheria mwaka 1920, ilifutwa mwaka 1936. Balozi mwingine wa Kisovieti, Fyodor Raskolnikov aliyekuwa Bulgaria, alikataa kurudi nyumbani, akaandika barua ya wazi ya kumlaani Stalin mwaka 1939. Kollontai hakuandika barua. Alinyamaza, akafanya kazi, akabaki hai. Alifariki Moscow mwezi Machi 1952.

Niliporudi Oslo nilimwuliza shangazi, yeye angefanyaje. Alifikiri sana, kisha akasema amewauguza wazee wengi wa Kifini waliokuwa watoto mwaka 1940, na kwamba mtu aliyesaidia vita visimame hawezi kumhukumu kwa ukimya. Mimi sikubaliani naye kabisa. Amani ile ninaisifu. Ukimya wake juu ya wenzake siwezi kuusifu, hata nikijua kwamba neno moja lingemuua. Naona yote mawili ni yake, na yeyote anayemfundisha hana ruhusa ya kuchagua nusu anayoipenda.

Sasa ninalo jibu la darasani. Kollontai aliishia ubalozini. Walimpeleka huko ili asisikike, akafanya huko kazi iliyookoa maisha ya watu, na gharama yake ilikuwa kalamu yake. Shajara zake za kidiplomasia zilichapishwa Urusi mwaka 2001, karibu nusu karne baada ya kifo chake. Sisi pia tunao wanamapinduzi waliogeuka mabalozi, Unguja, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na baadhi yao wangali hai, wanakaa barazani na kumbukumbu zao. Ninawaomba wazee wetu hao waandike sasa, kwa mkono wao, pamoja na ile mistari wanayotamani kuifuta. Na ninyi vijana wenye babu au bibi wa namna hiyo, nendeni na daftari, mkae chini, mwaulize.